Nje ya Safu

Saa kumi na moja na nusu, Al-Khudh, jua halijapata makali
lakini kiyoyozi cha maabara kimeamka kitambo,
kinanguruma peke yake kama mtu mwenye kinyongo.
Nasukuma mlango wa chumba cha sungura kwa bega.
Pua thelathini zinacheza kwa pamoja.

Naanza na wa kwanza. Kichwa chake chini ya kwapa langu,
kiganja chini ya makalio, maana sungura
akirusha teke hewani huvunja uti wake mwenyewe.
Kuriakose alinionya siku yangu ya kwanza:
usiogope kumshika, ogopa kumshika nusu.

Mgongo umenyolewa miraba minne.
Mmoja ulichomwa maji ya chumvi tu,
mitatu chanjo ya ngamia, ambayo bado haina jina, ina namba.
Wekundu: sifuri, moja, mbili.
Uvimbe: natambaza rula ya bati, naandika milimita.
Fomu ina Kiarabu upande huu, Kiingereza upande ule.
Kiswahili hakina safu.
Lakini mdomo haujui safu, mdomo unasema pole,
pole baba, tulia, namaliza,
na masikio yanalala mgongoni, mkasi uliofungwa.

Wa saba.
Siku ya tatu alikuwa na doa kama punje ya komamanga.
Siku ya tano doa limekuwa kitunguu chini ya ngozi,
la moto, gumu.
Sungura halii. Ilinichukua mwaka kulielewa hilo.
Husaga meno, huyaacha majani yake,
hujikunja pembeni kama ngumi.
Anayengoja kilio ataokota mzoga.

Daktari Shinuna anakuja, miwani kichwani,
anapuliza manyoya, anabonyeza kwa kidole cha shahada.
"Huyu basi. Sindano basi. Mtoe."
Wenye mradi, Dubai, watapiga simu kuuliza namba imekwenda wapi.
Atawajibu yeye.
Yangu miye ni maji ya uvuguvugu, mara tatu kwa siku,
dawa ya maumivu kwa bomba dogo pembeni ya mdomo,
kola shingoni asijitafune.
Jipu lilipasuka Ijumaa, khutba ikisikika dirishani:
usaha mzito, mweupe, kama jibini.
Nikauchokoa kidogo kidogo, nikaosha, nikaosha,
mpaka nyama ikatokeza nyekundu njema,
ambayo fomu haiwezi kuitenga na nyekundu mbaya.

Usiku, nyumbani, Mama anainua gauni.
Miaka kumi na minne ya insulini,
pahala pale pale, kulia kwa kitovu.
Pameshazoea, anasema, hapaumi tena.
Natia kidole. Gumu lile lile nililoliacha kazini.
"Uhamishe, Mama. Leo hapa, kesho pale, keshokutwa paja."
"Miye nilihamishwa mara moja, Wete mpaka huku. Inatosha."
Anacheka mwenyewe, tumbo linatikisika
chini ya kalamu ya kazini, nami nachora
miraba minne juu ya tumbo la mama yangu.
Mkononi ana kovu la chanjo ya ndui, duara kama kifungo.
Hakumbuki nani alimchoma.
Anakumbuka kuwa hakuna aliyerudi kutazama.

Siku ya kumi na tisa manyoya ya wa saba yanaota
upande upande, kama kijana aliyejinyoa bila kioo.
Kinyesi chake nakihesabu: mviringo, kikavu, kingi,
hakuna habari njema kuliko hiyo.
Naandika: wekundu sifuri, uvimbe moja.
Halafu pembeni, kwa penseli, nje ya safu,
kwa herufi za Kiarabu, kama bibi alivyoandika barua zake,
naandika pole.
Mkaguzi akisoma atadhani ni habari za mkojo.
Aache adhani.