Masahihisho ya Muhtasari

Mimi ndiye katibu wa chama cha wafuga nyuki, Tutuo.
Daftari linakaa kwangu, na kalamu, na mhuri.
Mwaka wa kumi na moja huu naandika watu wanavyosema,
yaani
(hilo hapo, limenitoka, na kazini ningelifuta)
siandiki wanavyosema. Naandika walichosema.
Ndiyo kazi yenyewe.

Mama Nsimba akisimama huanza na "kwanza kabisa",
na la pili halijawahi kufika.
Mihayo, aliyekwenda semina mbili Dodoma,
hutia "kimsingi" kila penye tundu,
kama mtu anayeziba tangi kwa sabuni.
Doto hufunga kila sentensi kwa "mmenielewa?"
na kukaa kabla hatujaelewa.
Pacha wake, Kulwa, ni bingwa wa nanihii:
"Ile nanihii tuipeleke kwa nanihii
kabla nanihii haijaanza,"
na watu thelathini na wawili wanatikisa vichwa,
wanajua: mizani, fundi wa Ipuli, mvua.

Mimi nachuja.
Asali ikitoka porini ina nta, ina mabawa,
ina mguu wa nyuki mmoja aliyegoma kuondoka.
Mnunuzi wa Tabora mjini hataki mguu.

Jumamosi nikasoma muhtasari uthibitishwe.
Namba tano, herufi b:
*Mjumbe Nyamizi Kasanda aliunga mkono makato
ya shilingi mia mbili kwa kilo, kuezeka ghala.*

Nyamizi ana mizinga kumi na tisa na maneno machache.
Akasimama, hata mwangaluka hakutupa.
"Katibu, neno langu halimo."
"Neno gani?"
"Yaani."

Walicheka mpaka wa nje wakachungulia.
Yeye akangoja kicheko kiishe, kama anayengoja moshi.
"Nilisema: sawa. Nikasema: yaani.
Nikanyamaza. Ndipo nikasema: haya.
Wewe umeandika sawa, umeandika haya.
Pale ulipofuta ndipo nilipokuwa nimesimama mimi."

Mwenyekiti: "Kwa hiyo ulikataa?"
"Sikukataa."
"Ulikubali?"
"Sikufika.
Ndani ya yaani ile kulikuwa na ada ya Shija,
debe la mahindi la kukopa,
na wewe, mwenyekiti, ulivyokuwa unanitazama."

Hapo hakucheka mtu.
Nikafunua kurasa za nyuma, kwa aibu ya vidole:
*wajumbe waliafiki kwa kauli moja,
wajumbe waliafiki kwa kauli moja.*
Mstari ulionyooka kama reli ya Mpanda,
na chini yake sijui ni wangapi niliowalaza.

Nikakumbuka simu ya kaka yangu,
kiwanja cha baba kule Kanyenye.
Aliongea sana. Mimi nilisema "mm."
Ile mm ilikuwa na mlango, na nilikuwa bado naushika.
Leo pana nyumba ya mtu, bati la kijani,
na kaka huapa kwamba nilikubali.
Anasema kweli. Ndivyo ilivyoandikwa kichwani mwake.

Nikashika kalamu nyekundu.
"Vitone vingapi?" nikamuuliza Nyamizi.
Akafikiri, kwa dhati, kama mtu anayepima kilo.
"Vingi kidogo. Nilikaa sana pale."

Nikaandika:
*Sawa. Yaani* . . . . . . . . .
Vitone vikafika pembeni mwa karatasi.
*Haya* ikakosa nafasi, nikaiacha.
Makato yakaahirishwa.
Ghala litavuja msimu mwingine,
na ndoo ya kukingia ni yangu, kwa bahati mbaya.

Tukafika kwenye mengineyo.
Mihayo alifungua kinywa, akasema "kim",
akatazama kalamu, akafunga.
Kulwa akainua mkono:
"Mwenyekiti, na ile nanihii?"

Nikaandika: *na ile nanihii.*