Mtaka cha Mvunguni

Dirisha langu liko usawa wa vifundo vya miguu ya Sofia.
Theluji ikianza kurundikana, huanza kwangu.
Wateja nawajua kwa viatu kabla ya majina,
na anayetaka huduma huchuchumaa pale pale barabarani,
kichwa chini ya kizingiti, pochi juu ya magoti.
Mtaka cha mvunguni sharti ainame.
Mvungu wenyewe ndio mimi.

Leo zilikuja buti nyeusi, soli nene za mpira,
soli za mtu aliyekanyaga breki miaka thelathini na moja:
Tsonka Karadzhova, dereva wa tramu, mstaafu.
Akanipitishia, kama mtu aliyempakata paka mgonjwa,
kikompyuta cha mezani, bapa, kama boksi la biskuti,
cha mwaka ule watengenezaji walipoamua
kwamba kumbukumbu isitoke tena.

Zamani ilikuwa kadi. Unabana masikio mawili, inachomoka,
unapachika kubwa zaidi, unarudi kwenye chai yako.
Hii imelehemiwa ubaoni, gigabaiti nne,
kama talaka tatu: hakuna rejea.

"Inakwama," akasema, "kwenye kona ya kiwanda cha hamira."

Njia yake ilifutwa. Reli ziling'olewa, lami ikamwagwa.
Yeye akaijenga upya humo ndani, nguzo kwa nguzo,
hata ile nguzo iliyopinda
aliyoigonga mwenyewe asubuhi moja ya barafu
na kuandika ripoti kwamba aliikuta hivyo.
Vituo kumi na saba.
Akifika cha tatu picha inaganda,
kengele inabaki imelia nusu.

"Nunua mpya," nikasema. Ni wajibu wangu kusema.
"Kwa pesa gani? Na mpya nayo si wameilehemu?"
Nikanyamaza.

Usiku nikawasha sahani ya joto, nyuzi mia na hamsini,
juu yake hewa moto, pua ya chuma ikizunguka, ikizunguka,
mpaka chumba kikanukia utomvu wa msonobari.
Chipu haivutwi. Husubiriwa.
Risasi ikiiva, inaachia yenyewe, kama ukoko unapoachia sufuria.
Najua hivyo, nawafundisha wengine hivyo,
na ile ya nne nikaivuta.
Ikaja na kijipande cha shaba,
chembamba kuliko ukucha wa mtoto mchanga.
Nilitukana kwa lugha mbili.
Saa nzima chini ya hadubini, pumzi nimeibana,
nikishona uzi wa waya mahali palipochanika.

Chipu kubwa aliniuzia Iskren,
kazitoa kwenye bodi zilizokufa maji.
Nikazipanga, nikazichoma, nikaacha zipoe.
Saa nane usiku nikabonyeza.
Taa, ndiyo. Feni, ndiyo. Kioo, giza.

Nikakaa. Nikala mkate mkavu. Ndipo nikakumbuka:
mashine haihesabu ilicho nacho,
huamini ilichoambiwa.
Pembeni mwa ubao kuna kikinza, kidogo kuliko punje ya chumvi,
na kazi yake ni kunong'ona: nne, nne, nne.
Nikakisogeza milimita moja kushoto.

Kumi na sita.

Asubuhi nilivunja desturi, nikamfungulia mlango wa nyuma.
Akakaa juu ya kopo la rangi, buti zikidondosha theluji,
nikaziona kwa mara ya kwanza zikiwa chini ya uso.
Kituo cha kwanza. Cha pili. Kona.
Kengele ikalia yote.

Cha nne alipunguza mwendo, akafungua milango.
Kituoni hapakuwa na mtu; hakuwa amechora watu.
"Unamngoja nani?" nikauliza.
"Kuna mmoja huchelewa," akasema,
mkono juu ya kibodi, macho kwenye kioo cha pembeni.

Sikuongeza neno. Juu, dirishani,
viatu vya kahawia vilisimama,
vikasita,
magoti yakaanza kukunjika.