Sita kwa Tano

Kilikuja ndani ya blanketi la jeshi,
kisoma-diski kizito kama mtoto wa darasa la pili,
na diski zake kumi na tisa, pana kama sahani za pilau,
kila moja ina penseli pembeni: Igombe. Maji.
Bi. Nkwimba akakitua mezani pangu, Mabatini.
"Marehemu alipima ziwa miaka sita," akasema.
"Nimechoka kutunza kitu nisichoweza kukisoma."

Nilianza na lililo jepesi: volti.
Transfoma ikashusha mia mbili thelathini hadi mia na kumi,
mota ikaamka, ikavuma, diski ikazunguka,
kichwa kikainama kusikiliza
na hakikusikia kitu.
Siku nne nilikisugua kwa spiriti.
Nikalaumu unyevu, nikalaumu ukungu wa alfajiri,
nikamlaumu na marehemu.
Siku ya tano nikageuza mota, nikafuta kibati tumboni mwake:
60.
Basi.

Kilikotoka, umeme hupiga mara sitini kwa sekunde.
Kwetu ni hamsini.
Transfoma humtuliza mpiga ngoma asipige kwa nguvu,
haimwambii apige upesi.
Na mota ya namna hii ni kama mcheza bugobogobo:
jembe halipandi kabla ya ngoma.
Palipotakiwa mizunguko mia tatu na sitini
ilinipa mia tatu, kwa adabu zote.
Maneno yalikuwemo, ila yalipita
kama ya mtu anayeongea usingizini.

Gridi ya taifa haitaniharakishia.
Ninachoweza ni kunenepesha puli.

Nyakato, nyuma ya gereji za malori,
Lugata alishika ile ya zamani kwa vidole viwili.
Milimita ishirini. Nikamwomba ishirini na nne.
"Umepanda pikipiki kwa ajili ya milimita nne?"
Shaba aliitoa kwenye bushi ya rafadha
ya boti iliyozama mara mbili na kuopolewa mara mbili.
Alikereza, akapima, akakereza,
unywele kwa unywele,
shavu la shaba likidondoka njano juu ya kandambili zake.
Nilipouliza bei akataja, kisha akaipunguza mwenyewe:
"Nikija kufa, mtu anisomee na mimi."

Mkanda wa zamani ulikuwa mfupi kwa ukucha.
Nikakata mwingine, nikaunga, ukakatika, nikaunga.
Mota ikapata homa; nikaipunguzia volti kidogo, ikatulia.
Nikatia nukta ya chaki kwenye gurudumu,
nikairekodi kwa simu, picha ya polepole,
nikahesabu kwa sauti: sita.
Sita kwa sekunde, nikarudia kuhesabu, sita.

Umeme ukakatika.

Shija wa saluni akanivutia waya wa jenereta yake.
Jenereta ilikuwa na haraka zake, hamsini na nne,
diski ikakimbia kama imeona polisi.
Nikamrudishia waya na shukrani.
Bi. Nkwimba akamenya karanga gizani.
Tulisikia mawe ya mlimani yakipoa,
au pengine ni mabati.

Saa tatu usiku taa zikarudi.
Kichwa kikainama. Kioo kikajaa.

Jumatatu: mita moja, sentimita themanini na mbili.
Jumanne: kiboko amelala kwenye ubao wa kipimo. Sikusoma.
Jumatano: kiboko.
Alhamisi: kiboko yuleyule.
Ijumaa: mita moja, themanini na nne.

Bi. Nkwimba alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.
Nilidhani analia.
"Aliniambia," akasema, akihema kwa kicheko.
"Siku tatu anarudi usiku, daftari tupu,
ananiambia kiboko.
Nikamfungia mlango. Alilala kwa kaka yake."

Karanga zilikuwa zimemwagika sakafuni.
Hakuziokota.
"Rudi nyuma kidogo," akasema.
"Nisomee tena Jumatano."