Tathmini ya Wiki ya Tatu

Thunder Bay, Februari. Nje nyuzi thelathini chini ya sifuri,
ndani mabomba ya joto yananukia rangi na uji.
Naandika kwa penseli, maana mpango wa mgonjwa
huzaliwa na kifutio ubavuni.

Aarne Kivela, miaka sabini na minane. Kiharusi.
Mkono wa kulia umelala. Maneno humtoka moja moja,
kama watu wanaoshuka ngazi yenye barafu.
Anachopenda: mchezo wa mawe barafuni.
Hilo la mwisho nililinyakua kama mwewe kifaranga.

Lengo likaandikwa siku hiyohiyo, limenyooka, lina tarakimu:
akiwa ameketi, atasukuma jiwe kwa mkono wa kushoto,
mara tano kati ya nane lifike kwenye duara.
Mawe yetu ni ya plastiki, yana magurudumu chini;
duara tumelibandika kwa utepe mwekundu
koridoni, kati ya chumba cha kufulia na lifti.

Wiki ya kwanza alitazama jiwe, akatazama sakafu,
akageuza kiti.
Nikaandika: amekataa.
Wiki ya pili alitazama sakafu tu.
Nikaandika: hamasa ndogo, nikapigia mstari,
na mstari ule, Mungu anisamehe, niliuchora kwa rula.

Wenzake walicheza. Bibi Odile Thibeault alisukuma,
jiwe likaenda mrama, kushoto, likagonga ukuta.
Bwana Wassaykeesic naye, kushoto.
Udhibiti wa mkono, kati ya saba: mbili.
Mbili. Mbili tena.
Mimi karani mwema, mkono wangu hautetemeki.

Jumapili nikampigia simu binti yake, Sirkka, aliye Sudbury,
kuuliza baba alikuwa akicheza nafasi gani.
Kimya. Kisha kicheko kilichokatika katikati.
"Kucheza? Baba hajacheza hata siku moja.
Alikuwa mtengeneza barafu.
Miaka thelathini na mmoja, usiku, klabu ikishafungwa,
akitembea kinyumenyume na pipa mgongoni,
akinyunyiza maji, tone kwa tone,
ili asubuhi mawe ya wengine yaende."

Nilikuwa nimeuliza anapenda nini.
Sikuuliza anakipendaje.

Jumatatu sikuleta jiwe. Nilileta swali:
"Bwana Kivela, barafu yetu ikoje?"
Alinikazia macho kitambo, kama fundi aliyeonyeshwa kazi ya mwanagenzi.
Mkono wa kushoto ukaingia mfuko wa koti la kulalia,
ukatoka na gololi ya mjukuu.
Akainama
(akainama! hakuna mahali nilipoandika lengo la kuinama)
akaiachia sakafuni, bila kuisukuma.
Gololi ikasita, kama inawaza,
ikaanza safari yenyewe, kushoto, polepole,
mpaka ukutani, palepale rangi ilipochubuliwa na mawe ya Odile.

"Mbovu," akasema. Akatafuta neno jingine, akalipata:
"Sakafu."

Tumezoea kumcheka mcheza ngoma anayelaumu uwanja.
Hakuna aliyetufunza la kufanya
uwanja ukiwa na hatia kweli.

Jioni ile nilikaa na majalada kumi na moja, na kifutio.
Odile, futa mbili. Wassaykeesic, futa.
Vumbi la kifutio lilijaa mapajani kama makombo ya mkate,
na mbili nyingine zilikuwa zimeandikwa kwa nguvu mno:
zilifutika, alama ikabaki.

Kwake yeye: lengo la wiki ya tatu halikufikiwa.
Nimeliacha hivyo. Ndio ukweli wake.
Chini yake nikaandika jipya: atakagua sakafu kila asubuhi,
ataamua duara libandikwe wapi,
atatuambia lini pako tayari.
Nikamsomea. Akanyoosha mkono akitaka penseli.
Nilidhani anataka kutia sahihi.
Ilimchukua dakika nne, ulimi ukiwa kati ya meno,
kurekebisha jina lake nililoliandika vibaya tangu siku ya kwanza:
nukta mbili ndogo juu ya a ya mwisho,
moja, kisha nyingine,
kama matone.