Rilei ya Kumi na Saba

Kurasini, nyuma ya bohari la mkonge,
chumba kisicho na dirisha,
feni mbili, ndoo chini ya dari inayovuja,
na mashine ya kijivu iliyokula kadi
elfu tatu kabla ya chai ya saa nne.

Mimi ndiye niliyezitoboa.
Safu ya tano hadi ya tisa, namba ya mtu.
Safu ya ishirini, saa alizobeba magunia.
Na juu kabisa, mahali pasipo na namba,
kitundu kisichozidi punje ya mchele:
kikiwapo, mashine hutoa,
kisipokuwapo, hujumlisha.

Fundi Deodatus Kilimba alifungua kifuniko cha nyuma.
"Leokadia. Kitendawili."
"Tega."
"Nyumba yangu ikifungwa, wageni hupita.
Ikifunguliwa, hapiti mtu."
Nikampa mji, nikampa Tukuyu.
Akaenda, akala ndizi zote, akarudi,
akagusa kwa bisibisi:
"Rilei."

Kipande cha chuma, waya umekizonga
kama uzi kwenye kibiringo cha cherehani,
mbele yake ulimi wenye springi.
Brashi inapapasa kadi: karatasi, karatasi, karatasi,
halafu tundu,
inagusa shaba iliyo chini,
chuma kinageuka sumaku, ulimi unavutwa,
tk,
nyumba imefungwa, wageni wanapita
kwenda kuzungusha magurudumu ya hesabu.

"Lakini kadi imeshapita," nikasema.
"Tundu halipo tena. Ulimi unabakije?"
Alicheka hadi miwani ikamteleza.
"Ukishagusa, unafunga na njia ya pili,
ya umeme wake wenyewe.
Rilei inajishika kwa mkono wake,
mpaka gurudumu lenye nundu liiambie: basi."

Ijumaa ya mwisho wa mwezi, masika,
rilei ya kumi na saba iliambiwa basi
isisikie.
Ilipita kadi ya mtu mmoja wa gati la pili
aliyekatwa shilingi kumi na mbili za baiskeli,
kitundu chake juu, halali kabisa.
Cheche ikaunganisha ulimi na kikanyagio chake,
na kila aliyemfuata akatolewa:
Chuwa, Lugendo, Sijaona Mtepa,
Pazi wa winchi, watu arobaini.
Karatasi ikatoka ikisema
waliopakua meli nzima ya saruji
wanadaiwa.

Saa sita foleni ilikuwa imefika kwenye mizani.
Karani mkuu akasema mashine haikosei,
akaitazama mikono yangu.
Niliificha chini ya meza, sijui kwa nini.

Kilimba hakubishana.
Aliubandua ulimi kwa ukucha,
akachukua kadi tupu, akakata ukanda kwa wembe,
akaupitisha pale katikati, taratibu,
kama mama anayemtoa mtoto mwiba wa samaki.
Ukatoka na doa jeusi.
Akamkabidhi karani mkuu.
"Mwizi huyu hapa. Mwandikie barua."

Ukanda ule ninao.
Doa limefifia, utadhani la chai.

Siku hizi nipo Mbagala, na friji, na gadi yake.
Umeme ukikatika, alinifundisha,
rilei husahau yote,
hata iliyojishika kwa nguvu namna gani.
Jana ulikatika saa tatu usiku.
Wajukuu wakatafuta tochi za simu,
mimi nikakaa gizani nikitaja:
Chuwa, Lugendo, Sijaona Mtepa, Pazi wa winchi.
Na yule wa baiskeli?
Nilitoboa namba yake miaka sita,
vidole bado vinaijua, saba, sifuri, nne, nne, mbili,
lakini jina.

Majirani wakapiga kelele, umeme umerudi.
Gadi ikangoja dakika zake tatu.
Tk.
Friji ikaanza kunguruma.
Bado silikumbuki.