Yeye

Kibandani kwangu Newala, nyuma ya ghala la korosho,
naingiza nyimbo kwenye kadi, buku moja nyimbo thelathini.
Msimu wa mnada kompyuta hailali.

Kuna mmoja unaulizwa kuliko zote.
Kijana wa ng'ambo, Kiingereza kitupu,
mdundo kama mvua juu ya bati.
Bodaboda wa stendi wanauimba kwa kukosea,
juzi bibi harusi kaingia nao ukumbini.

Mimi kidato cha nne nilipata C.
Kule, yeye wako wawili:
wa kike ana neno lake, wa kiume ana lake,
na huyu kijana anachagua la kiume,
kila kiitikio, mara nne,
bila hata kukohoa.

Kiswahili kimenificha vizuri.
Miaka sita nasema yeye,
yeye kapiga, yeye anakuja Ijumaa,
na mama anaweka akiba vitenge vya mkwe,
doti ya tatu sasa.

Hilari hufika jioni,
vumbi la njia ya Masasi mpaka kwenye kope.
Kadi yake imejaa tangu Julai.
Nifute upi?
Usifute. Niwekee ule tena.

Waya mmoja sikioni kwake, mmoja kwangu.
Kiitikio kinakuja,
neno lile linatajwa wazi,
Hilari anatazama mlango
lakini goti lake halijaondoka.

Dirisha linagongwa.
Kaka, huo huo unaosikiliza,
na mimi nitilie.