Muda wa Ndoo Moja

Januari nilinunua daftari soko la Majengo,
jalada la bluu, bei ya kuonewa,
nikaandika kwa wino mwekundu, ule wa kusahihishia:
saa kumi alfajiri, zaburi tatu;
magoti, nusu saa;
kimya, robo saa, bila simu.
Nikapiga mstari chini. Mimi ni mwalimu,
naamini kitu kikishapigiwa rula kimetendeka.

Siku ya pili nilisinzia nimepiga magoti.
Jogoo wa jirani akaniamsha, jua liko dirishani,
shavu limechapwa nyuzi za mkeka,
mate yamelowesha Zaburi ya sita.
Siku ya tisa mvua ilinyesha. Uwele unangoja mbegu,
nani angekaa ndani?
Siku ya kumi na moja sikuandika kitu.
Februari yote daftari lilifunika sufuria ya maziwa.

Mama yangu hakuwa na daftari.
Alikuwa na gunia la karanga lililokunjwa mara mbili.
Sikumbuki aliomba nini. Nakumbuka gunia
lilivyobonyea pahala pawili,
kama viota viwili vya tetere.
Tulipogawana vyombo, dada Lechipya alichukua kinu,
mimi gunia. Nikalitundika kwenye msumari,
halafu nikaenda kununua daftari.

Kiangazi kikaja, maji ya bomba yakawa uzi.
Hapa Makang'wa, mwezi wa nane, ndoo ya lita ishirini
hujaa kwa dakika tisa. Nimezihesabu,
kwanza kwa hasira, nikimlaani fundi, na diwani,
na mwenye shamba la zabibu anayevuta maji juu yetu.
Halafu asubuhi moja hasira iliniishia
ndoo haijafika nusu.
Nikasema: Baba yetu.
Nikanyamaza hapo hapo.
Maji yakaendelea kuongea peke yake.

Kesho yake tena. Kesho kutwa tena.
Si zaburi tatu: mstari mmoja, nimeubeba mdomoni
kama punje ya karanga usiyotaka iishe.
Siku nyingine jina tu, la Mhembano
anayekuja darasani na njaa,
la mume wangu asiyepiga simu toka aende Manyoni.
Siku nyingine hata jina sina. Naisikiliza ndoo
ikibadili sauti: mwanzoni ngoma,
kisha mtu anayekunywa kwa kiu,
kisha karibu na kimya, vidole vitatu chini ya ukingo.
Hiyo ndiyo robo saa yangu.

Usidhani nimekuwa mtu wa Mungu.
Jumatano nilimsukuma Mama Chidosa kwenye foleni,
naye akanisukuma,
tukaombana radhi ndoo zimeshajaa.
Jumamosi ninalala.

Kisha mashine ikafa. Siku sita, hata tone.
Ya kwanza nilibaki kitandani, nikaona raha.
Ya pili niligeuka, nikageuka.
Ya tatu, giza bado, miguu iliamka kabla yangu,
ikapapasa kandambili;
mkono mmoja ukashika ndoo,
wa pili ukaenda kwenye msumari.

Ndahani, mlinzi wa bomba, alikuwa amejikunyata shukani.
"Mwalimu, maji hakuna. Hukuambiwa?"
"Niliambiwa."
Akaitazama ndoo. Akanitazama mimi.
Upepo ukapita na vumbi lake jekundu kuelekea Mvumi.
Nikaitega ndoo chini ya mdomo mkavu wa bomba,
nikatandika gunia,
magoti yangu yakatafuta mabonde ya mama, yakakuta ni mapana kidogo,
nikangoja muda wake uishe.

Kama dakika ya tano hivi, Ndahani akavua kofia.
Sijui kwa nini.
Labda kichwa kilimwasha.